Kafyu ilipangwa na watu wanaolala mapema

Mhariri,

Naomba kanafasi niseme kuhusu ile kafyu ya korona. Najua mtasema hayo yashapita, kafyu iliondolewa Oktoba 2021 na watu wamesahau, lakini mimi deni la chama chetu cha kukopeshana nililochukua wakati ule ndio kwanza nalimaliza.

Nauza viazi vya karai na mishkaki hapa Malindi. Na joto hili la kwetu nani atoke mchana kula viazi vya moto? Watu wanatoka baada ya magharibi, washaoga washaswali, ndio foleni inaanza mpaka saa nne saa tano huko. Sasa Machi 2020 tukaambiwa ikifika saa moja jioni kila mtu awe ndani mpaka saa kumi na moja alfajiri. Magharibi yetu ni kama saa kumi na mbili na nusu, hebu piga hesabu mwenyewe, nusu saa niuze, nizime makaa, nioshe karai na nikimbie nyumbani kabla askari hawajanikuta njiani. Nikajaribu kutoa meza saa tisa, watu wanapita wananitizama kama nimerukwa na akili. Nikala mtaji wote.

Ndugu yangu wa boti ya kupeleka wageni marine park, yeye simsemei sana, Wataliano hawaji na ndege za nje zimefungwa mpaka Agosti, hapo utamlaumu nani. Lakini wateja wangu mimi walikuwepo hapa hapa mtaani, na njaa zao.

Aprili kaunti yetu ya Kilifi nzima ikafungwa, mtu haingii hatoki, mizigo ruksa. Yaani gunia la viazi lilikuwa na uhuru kunishinda.

Halafu Ramadhani ikaingia misikiti imefungwa, tarawehe twaswali sebuleni. Baada ya tarawehe ndio huwa napata pesa ya Idi, mwaka ule sikupata hata ya kanga. Na babangu mzee, maisha yake yote baada ya isha ni baraza, kahawa na dhumna na wenzake, akawa anakaa dirishani peke yake, ukimuuliza baba vipi anasema nangoja kuche.

Sisemi ugonjwa haukuwepo, tumezika. Lakini Juni walipoisogeza kafyu mpaka saa tatu usiku, kwa masaa mawili tu yale biashara yangu ikarudi karibu nusu, kwa hivyo shida ilikuwa saa iliyochaguliwa. Nairobi jioni watu wanakimbilia nyumbani kwa baridi, sisi jioni ndio twafungua mlango.

Ukija ugonjwa mwengine, Mungu apishe mbali, kabla hawajapanga masaa wamuulize hata mama karai mmoja wa pwani. Mimi nipo kuanzia magharibi. Mchana wasinitafute, nimelala.

Mama viazi,
Malindi