Programu za ramani zimefanya msaragambo, nasi tuna zamu yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee watengenezaji wa programu huria za ramani, watu ambao sisi wapimaji tunakula jasho lao kila siku bila kuwajua.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kijiji kimoja mkoani Morogoro kuchora njia ya bomba la maji. Tulikuwa na ramani ya zamani ya karatasi, ile ya 1:50,000, pamoja na vipimo vya GPS. Tulipoviweka pamoja kwenye programu huria ya QGIS, kisima nilichosimama ukingoni mwake asubuhi ile kilitokea katikati ya shamba la mkonge. Mzee mmoja aliyekuwa akichungulia kompyuta akaniambia, "Mwanangu, kisima hiki nakinywea tangu utoto. Hakijahama."

Ramani zetu za zamani zilipimwa kwa msingi wa Arc 1960, na GPS inatumia WGS 84; msingi ni umbo la dunia na mahali pa kuanzia ambapo vipimo vyote huhesabiwa. Hapa kwetu tofauti ya misingi hiyo ni takriban mita 300. Sisi tulikuwa tumeipa ile karatasi msingi usio wake, basi. Lakini nilipotafuta ni nani hasa anayepiga hesabu ya kuvuka kutoka msingi mmoja kwenda mwingine, nikakuta si QGIS peke yake. Faili hufunguliwa na GDAL, na kodineti, yaani namba zinazotaja mahali, hugeuzwa na PROJ, kazi iliyoanzia Marekani miongo kadhaa iliyopita. Ni miradi mitatu, kila mmoja na watu wake.

Zamani GDAL na PROJ kila mmoja ulitunza majedwali yake ya mifumo ya kodineti. Ukisahihisha huku, kule kosa linabaki, na mtumiaji analalamika kwa QGIS ilhali ugonjwa uko nyumba ya tatu. Mwaka 2018 watengenezaji wa miradi hiyo wakaitisha mchango, wakaupa jina la desturi ya wakulima wa Marekani ya majirani kukusanyika kumjengea mmoja wao ghala. Kwetu huo ni msaragambo. Zikapatikana zaidi ya dola 140,000. Machi 2019 ikatoka PROJ 6, Mei ikafuata GDAL 3, zote zikisoma hifadhi moja ya mifumo hiyo, kisha QGIS nayo ikahamia huko. Tena hesabu haikulazimika kila mara kupitia WGS 84 kama zamani.

Mhariri, hakuna mfadhili anayependa kukata utepe kwenye jedwali la kodineti. Fedha za miradi zinakwenda kwenye programu mpya zenye nembo, na ile mizizi inayozilisha zote inaachiwa watu wachache. Naliona hilo ni kosa, na sisi tumo. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam. Hatuwezi kusema mambo haya ni ya mbali.

Naomba vyuo vinavyofundisha upimaji na ofisi zinazotumia QGIS bila kulipa senti vitenge saa za watumishi na fungu la bajeti kwa ajili ya miradi hii. Zaidi ya fedha, tunacho kitu ambacho wao hawana: alama za upimaji zilizo ardhini kwetu, zenye kodineti za misingi yote miwili. Kwa alama hizo hesabu ya kuvuka kutoka Arc 1960 inaweza kupimwa mkoa kwa mkoa. Daftari langu lina baadhi yake. Ruhusa ya kuzitoa iko kwa mwajiri wangu, na barua hii nimemwandikia yeye pia.

Mpima ardhi,
Morogoro