Kwa kaka yangu aliyesakafia bustani ya mtaa

Kaka,

Picha za bustani nimezipata, ingawa hukuziambatanisha na salamu. Naona ule mti mkubwa umeanza kukauka kileleni, nawe unatafuta nani kaumwagia sumu. Hakuna sumu. Mti uliokosa hewa mizizini huanza kufa ncha za matawi ya juu, tena polepole, mwaka huu kidogo na mwakani kidogo, hata aliyeuzika anakuwa ameshasahau.

Mizizi inayonyonya maji haiko mbali chini. Mingi imo ndani ya sentimita 60 za juu, na huenea kupita mwisho wa matawi. Ndipo hapo ulipopitisha mashine ya kushindilia.

Siku ile unaijua. Mafundi na toroli zao, zege limeshachanganywa, Mama kakaa kivulini anatazama, nawe unanyoosha kidole: "Mwageni mpaka shinani, nisione udongo." Nikakupinga palepale, ukasema baadaye kwamba nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Kaka, kando nilikuwa nimeshakwambia. Zege halisubiri mdogo mtu apate faragha ya pili ndipo ligande. Sikutaka uenyekiti wako, na wala sasa siutaki.

Haya, la kufanya. Pima kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.3, uzidishe mara 12. Shina la sentimita 40 linadai karibu mita 5 kila upande. Zege la ndani ya duara hilo liondolewe kwa nyundo na tindo, si kwa katapila, maana katapila huja na mizizi. Ukishindwa lote, anza na la karibu na shina, utoke nje kadiri utakavyoweza. Mzizi mnene kama kifundo cha mkono usiukate. Ndio unaoshikilia mti siku ya upepo. Udongo utoboe kwa uma wa bustani, usiupindue. Kisha tandaza vipande vya mbao sentimita 5 hadi 8, ukiacha shubiri moja wazi kuzunguka shina. Matandazo yanayogusa gome huliozesha, na najua unavyopenda kurundika. Maji yaende taratibu, yazame.

Nyasi chini yake usipande tena. Kivuli kizito kinaziua, kila mara utawalaumu watoto kwa kuzikanyaga.

Maua ya langoni nakusifu, umeyapanga vizuri kuliko ambavyo ningeyapanga mimi. Ila vichaka vya kando ya njia vipunguze visizidi mita moja, na matawi ya juu yaanzie mita mbili na zaidi, anayepita jioni aone mbele. Mabenchi uliyafunga katikati ya jua, halafu unashangaa hayakaliwi. Yahamishie mashariki ya mti, ndiko kivuli cha alasiri kinakoangukia. Kikalio sentimita 45 kutoka chini, chenye egemeo na mikono, wazee wapate pa kujiinulia. Na ulivyocheka niliposema viti visifungwe chini! Paley Park ya New York, iliyofunguliwa 1967, ni kama mita za mraba 390 tu, na watu huko husogeza viti watakako.

Ule uzio wa kuzuia njia ya mkato pia uondoe. Watu wameshakuonyesha wanakopita. Weka kijia papo hapo, upana mita 1.8, viti viwili vya magurudumu vipishane.

Matawi makavu usikimbilie kuyakata yote. Kwangua gome kwa ukucha: chini pakiwa kijani, tawi lingali hai. Lililokufa kweli lishushwe mapema kabla halijamwangukia mtoto.

Tindo ninazo mbili. Siku utapanga wewe, maana wewe ndiye mkubwa.