Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Salfa

Ndugu wanachama,

Ahsanteni kwa kufika. Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamtangulia, ila nitagusia kwamba ada zenu zimelipa kodi ya chumba na kilichobaki chote kimeishia kwenye salfa.

Mtakumbuka mkutano uliopita tuliazimia kuyaweka kando mambo ya roketi na kushika swali moja: mtu akishafika sayari ya Mirihi, atajengea nini na atavuta hewa gani bila kungoja mzigo wa nyumbani? Nafasi nzuri ya kurusha chombo huko huja mara moja kila miezi 26 hivi. Aliyesahau nati hana duka la kutuma mtoto.

Kamati ya ujenzi ilichagua zege la salfa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichanganya salfa iliyoyeyushwa na udongo wa kuigiza ule wa Mirihi, nusu kwa nusu, wakapata zege linalohimili mgandamizo wa zaidi ya megapaskali 50 bila tone la maji. Tofali la saruji tunalojengea mtaani halifiki hata robo ya hapo. Salfa tuliletewa na mwanachama wetu wa Newala, mfuko wa kilo 25, ile ile wanayopulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Kwa udongo tulitumia mchanga mweusi wa volkeno, tukauchekecha kwa chekeche la unga mpaka zikabaki punje ndogo ndogo tu.

Salfa huyeyuka kwenye nyuzijoto 115 hivi. Kwanza inakuwa ya rangi ya asali na inamiminika vizuri. Ukizidisha moto inakolea wekundu na kuvutika kama gundi, na hapo mchanga hauingii tena. Vitofali vya kwanza vilitoka na matundu, kwa sababu salfa ikipoa husinyaa. Vya pili tulivishindilia kwa jeki ya gari, vikawa vigumu kweli. Kimoja kiko hapa mezani, kipitisheni. Vya tatu ndivyo vilivyotuponza. Mkaa ulizidi, sufuria ikashika moto wa buluu, na moshi wake waliokuwepo wanaujua. Majirani walikohoa hadi jioni, mwenye nyumba akatupa barua ya kuhama. Kosa ni langu, maana mimi ndiye niliyeruhusu jiko la mkaa badala ya la umeme, na nimezunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Mirihi sufuria ile isingewaka, kwani asilimia 95 ya hewa ya kule ni kaboni dayoksaidi. Hilo sikumwambia mwenye nyumba.

Wapo waliouliza kama salfa yenyewe iko huko. Iliyofungamana na madini mengine imejulikana kitambo. Mei 2024 gari la utafiti la Curiosity lilikanyaga jiwe katika mkondo wa Gediz Vallis, jiwe likapasuka, na ndani zikaonekana fuwele za manjano za salfa tupu.

Pamoja na hayo, natofautiana na kamati yangu. Tumemaliza mwaka kwenye tofali ilhali mzigo mkubwa uko kwenye hewa. Mtambo wa MOXIE, uliobebwa na gari la Perseverance, uliwashwa mara 16 kati ya 2021 na 2023. Ulivuta hewa ya Mirihi, ukaipasha hadi nyuzijoto 800 hivi na kuitenganisha kwa umeme, ukatoa jumla ya gramu 122 za oksijeni. Saa yake bora ilitoa gramu 12. Sasa, kuwanyanyua wanaanga wanne kutoka ardhi ya Mirihi, NASA, shirika la anga la Marekani, inakadiria tani 7 za mafuta na tani 25 za oksijeni ya kuyachomea. Katibu alipiga hesabu nyuma ya bahasha: kwa mwendo wa gramu 12 kwa saa, ni miaka 237. Kwa hiyo unahitajika mtambo mkubwa mara mamia, na umeme wa kuuendesha mahali ambapo jua halifiki nusu ya la kwetu, na ambapo dhoruba ya vumbi ya 2018 ililinyamazisha gari jingine la utafiti, Opportunity, moja kwa moja.

Kuchimba nako si lelemama. Chombo cha InSight kilitua Mirihi Novemba 2018 na kifaa cha kujigongomea ardhini hadi mita 5; udongo ukakataa kukishika, na Januari 2021 wahandisi wakanyoosha mikono.

Bustani nitaisema kwa kifupi. Mchicha uliostawi kwenye mchanga wetu wa volkeno ulikuwa mtamu, lakini haukuthibitisha kitu. Chombo cha Phoenix kiligundua mwaka 2008 kwamba udongo wa Mirihi una pakloreti, chumvi inayovuruga tezi ya shingo. Udongo huo lazima uoshwe kwanza, na maji ya kuuoshea yatoke kwenye barafu ambayo nayo inataka kuchimbwa.

Naomba mkutano uidhinishe mambo mawili: jiko la umeme lenye kipimajoto, na mwaka ujao nguvu ziende kwenye oksijeni. Kamati ya ujenzi itapinga, nami nitaipa nafasi ijieleze kabla ya kura.

Chumba tunakikabidhi mwisho wa mwezi. Funguo zirudishwe kwa katibu kabla ya Ijumaa. Mmoja bado haujulikani uliko.