Barua kutoka Mkoani, Pemba

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, na mguu wa mama umepoa.

Umenisimulia ule utafiti wa Stasser na Titus wa Marekani, wa 1985: kwamba watu wakikaa kikao hurudiarudia lile wanalolijua wote, na alijualo mmoja peke yake hupotea. Nimecheka, maana ndilo lililotufika kwenye kamati yetu ya uvuvi, na katibu ni mie.

Mwamba tuliufunga miezi 3 ili pweza wakue. Ikabaki kupanga siku ya kuufungua. Kijana mmoja msomi akafungua kalenda ya simu, akasema Jumamosi, wageni watapata nafasi. Kila mtu akaitikia Jumamosi. Bibi yetu jirani, yule aliyetufundisha mie na wewe kuchokoa pweza, alikuwa mlangoni na birika la chai; yeye aliitwa kupika. Akasema, "Siku hiyo mwezi una siku saba. Maji mafu, hayatoki sana." Mara moja tu, kwa sauti ya chini. Nilimsikia, wallahi. Sikuandika, kwa kuwa hakuwa mjumbe.

Jumamosi ngoma ikapigwa, wageni wakaja, na mwamba haukutoka. Bamvua unaijua, maji yakitoka sana: kama saa 4 asubuhi mwamba wote uko nje unatembea kwa miguu. Siku ile wanawake tulisimama na ndoo, maji kiunoni. Wanaume wenye miwani wakazamia, wakapata wao. Sie tukaosha sahani za wageni.

Sasa bibi ni mjumbe, na wamepitiliza upande wa pili: kila jambo "tumuulize bibi". Juzi wamemuuliza boti ifungwe mashine ya nguvu gani! Akawaambia, "Mie najua tundu la pweza. Jike akilinda mayai hali kitu, na yakishatotoa anakufa. Hayo niulizeni. Mashine kamuulizeni fundi." Wakaona ni adabu zake tu, wakazidi kumbembeleza. Mashine bado haijanunuliwa.

Tunafungua tena mwezi ukiwa na siku kumi na sita, bamvua. Safari hii tarehe nimeiandika kwa kinywa chake. Njoo. Na ulete viatu, sitaki kukutoa miba tena kama mwaka ule.

Wako,
Shoga yako wa Mkoani