Mzee akihamia uani, pimeni kwanza

Ndugu Mhariri,

Mtumishi anastaafu akiwa na miaka 60, watoto wameshaoa na kuolewa, na nyumba ya vyumba vinne imebaki na watu wawili. Wengi hapa Dar es Salaam sasa wanahamia vyumba vya uani na kuipangisha nyumba kubwa. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi bora kuliko kuuza. Kiwanja kinabaki, majirani ni wale wale, msikiti au kanisa halibadiliki, na kodi ya pango inasaidia pale pensheni inapopelea. Tatizo ni vyumba vyenyewe. Vilijengwa kwa ajili ya msaidizi wa kazi na stoo, mara nyingi kwa tofali zilizobaki, na kijana alivimudu. Mtu wa miaka 75 hatavimudu, na akishavunjika nyonga, muda wa kumwita fundi umepita.

Anzeni na kitanda. Katika chumba cha futi 10 kwa 10, kitanda cha sita kwa sita kikikaa katikati huacha futi mbili kila upande, na kabati bado halijaingia. Kiti cha magurudumu kinataka futi tatu. Mkinunua cha tano kwa sita mkakisogeza ukutani, nafasi inapatikana, ila anayelala upande wa ukuta lazima amvuke mwenzake kila anapokwenda chooni, na wazee huenda chooni usiku. Kwa wanandoa, dawa ni kuunganisha vyumba viwili. Kabla ya kuvunja ukuta wa kati, pandeni muone kama mbao za paa zimelala juu yake; kwenye mapaa ya mteremko mmoja mara nyingi zimelala. Hapo panahitajika mhimili wa zege wenye nondo, uingie kwenye kuta angalau sentimita 20 kila upande, na mirunda inayoushikilia isitolewe kabla ya siku 14. Mafundi wanaoharakisha huitoa siku ya tatu, halafu nyufa zinasingiziwa saruji.

Fedha nyingi ziende chooni. Choo cha uani huwa na upana wa mita moja hivi, ni cha kuchuchumaa, tena kina kidaraja mlangoni. Kipanueni kifike angalau mita 1.5 kwa 2.1. Wekeni sinki la kukaa ambalo kiti chake kiko sentimita 45 hadi 48 kutoka sakafuni. Yale mafupi ya bei nafuu humlazimu mwenye magoti mabovu kujitupa. Mlango ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani ya choo kidogo, mwili wake huziba mlango unaofungukia ndani, na wa kumsaidia anabaki nje akisukuma. Upana wa kupita, mlango ukiwa wazi, usipungue sentimita 80. Fremu ya sentimita 80 haitoi hizo, kwa kuwa mbao na bawaba hula sehemu yake.

Vishikio vya ukutani vinaweza kutengenezwa kwa bomba la chuma la inchi moja. Kwa nje lina unene wa milimita 33 hivi, unaotosha kiganja. Liwe sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Msikubali lishikiliwe na plagi za plastiki kwenye tofali za mchanga mwingi, kwani siku mtu atakapolivuta kwa uzito wake wote litatoka na kipande cha ukuta. Bolti ipenye ukuta mzima, na upande wa pili ikutane na bati nene la chuma. Kazi hiyo ifanyike kabla ya vigae. Na vigae, tafadhali, visiwe vile vikubwa vya kung'aa vya sebuleni. Vidogo vyenye uso wa kukwaruza hushika mguu hata penye povu la sabuni. Sakafu ishuke sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji.

Ngazi ya mlango wa nje yenye kimo cha sentimita 15 inahitaji mteremko wa urefu wa sentimita 180. Wengi hujenga wa sentimita 60, ambao ni hatari kuliko ngazi yenyewe.

Joto nalo lisidharauliwe. Bati lililo karibu na kichwa, bila dari, hufanya chumba kisikalike saa nane mchana. Kuongeza kozi (safu) mbili za tofali kunainua ukuta kwa karibu nusu mita. Wekeni dari, na muache matundu yenye wavu chini ya paa ili hewa ya juu ya dari itoke. Angalieni pia shimo la majitaka liko wapi, maana aghalabu limechimbwa hatua chache tu kutoka vyumba hivyo. Bomba la hewa lipande juu ya paa, na mfuniko ubaki mahali ambapo mpira wa gari la kunyonya utafika bila kupitia sebuleni kwa mzee.

Ombeni mita ya umeme ya LUKU ya pili kabla mpangaji hajaingia. Mita moja kwa familia mbili ni ugomvi wa kila mwezi. Mkishapata ya pili, chunguzeni risiti: kodi ya jengo ikikatwa kwenye mita zote mbili, pelekeni namba zake TRA.

Samani zipimwe kabla ya kubebwa. Kabati la mninga linaweza kufunguliwa na kufungwa tena. La mbao za kusaga likifunguliwa mara moja, skrubu hazishiki tena. Friji likilazwa njiani, lisimamishwe usiku mzima kabla ya kuwashwa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Wale watakaoamua kuuza wakumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijauzwa, na kwamba TRA hudai kodi kwenye faida ya mauzo. Dalali akitaja bei, hiyo kodi haimo.

Fundi sanifu wa majengo,
Dar es Salaam