Barua kwa rafiki anayekwenda kupima lishe kambini

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walio hapo nyumbani. Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kwamba umekubali kuongoza timu ya uchunguzi wa lishe na afya kambini. Umeniomba nikuambie ya kuzingatia. Mwongozo wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, utapewa na mafunzo utapata, kwa hiyo sitayarudia ya humo. Nitakuambia lile ninaloliamini kuliko yote: takwimu za lishe haziharibikii kwenye kompyuta. Zinaharibikia mlangoni kwa watu.

Anza na nyumba zenyewe. Kambini mara nyingi kuna orodha ya kaya au makazi yaliyopewa namba, kwa hiyo kuchagua kaya kwa bahati nasibu si kazi ngumu. Ugumu huja mkifika na kukuta mlango umefungwa. Vijana wako watachoka, jua litakuwa kali, na jirani atakuwa amekaa nje na watoto wake watatu. Usiwaruhusu kumchukua jirani. Mama ambaye hayupo nyumbani saa nne asubuhi huenda ametafuta kibarua, ameenda kuokota kuni, au yuko zahanati na mtoto mgonjwa. Ukimruka, umeruka kaya zile zile zenye shida, na ripoti yako itahesabu wale walio na nafasi ya kukaa nyumbani. Rudini jioni kabla ya kuondoka eneo hilo. Na mtoto wa kaya iliyochaguliwa akiwa amelazwa, mfuateni wodini mkampime huko huko kama inawezekana. Yeye ni wa sampuli yenu kama wengine.

Kaya nayo isichanganywe na kadi ya mgao wa chakula. Kadi moja inaweza kuwa na majina ya watu waliokwisha kuondoka, na chungu kimoja kikalisha watu wa kadi mbili pamoja na mgeni aliyefika wiki iliyopita akiwa bado hajaandikishwa. Uliza nani wanakula pamoja na nani walilala hapo.

Umri utakusumbua kuliko vipimo vyote. Mnatafuta watoto wa miezi 6 hadi 59, na wengi hawatakuwa na cheti wala kadi ya kliniki. Mama atasema "miaka miwili", na mhoji mvivu ataandika miezi 24. Mtoto wa miezi 20 akiandikwa 24 ataonekana mfupi kuliko umri wake, na ukiwa na wengi wa hivyo utatangaza udumavu ambao haupo. Tengenezeni kalenda ya matukio pamoja na wazee na wakunga wa kambi hiyo hiyo: mvua kubwa, moto, siku kundi fulani lilipowasili. Kisha kaa na mama, umuulize taratibu mtoto alizaliwa kabla au baada ya tukio gani. Inachukua dakika chache, na nakusihi usizikate.

Kuhusu kupima, ninalo moja la kusisitiza. Watu hudhani makosa madogo hufutana yenyewe, huyu kazidishiwa na yule kapunguziwa. Hayafutani. Yanatawanya vipimo, na watoto ambao hawakukonda wanaangukia upande wa waliokonda. Ndiyo maana kabla ya kazi kila mpimaji hupewa watoto 10 kuwapima mara mbili mbili, na asiyepata vipimo vinavyokaribiana asishike ubao wa kupimia urefu, hata akiwa ndugu wa kiongozi. Kila jioni tazama tarakimu za mwisho. Urefu ukiishia kwenye 0 na 5 kila mara, kuna mtu anakadiria. Uvimbe wa miguu nao ubonyezwe kwa kidole gumba miguu yote miwili kwa sekunde tatu, na kila aliyeandikwa kuwa nao umwone wewe mwenyewe, kwa sababu mtoto huyo huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali hata kama mizani inaonyesha uzito mzuri. Uzito huo ni maji. Na usikubali mtu akikuambia utepe wa kupimia unene wa mkono unatosha. Utepe na uzito kwa urefu haviwakamati watoto wale wale, kwa hiyo chukueni vyote viwili.

Sasa nije kwenye maswali ya kaya, ambayo kila mtu huyaharakisha kwa sababu yanaonekana ya maneno matupu mbele ya mizani. Mizani itakuambia mtoto amekonda. Haitakuambia kwa nini. Mgao kamili hupangwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, lakini mara nyingi fedha za wafadhili hupungua na mgao hukatwa. Kwa hiyo usiulize tu kama walipokea. Uliza chakula hicho kiliisha siku ya ngapi. Uliza baada ya hapo walifanya nini: walikopa, walipunguza mlo, au watu wazima walilala na njaa ili watoto wale. Uliza pia waliuza kiasi gani. Hapa naomba uwe mkali na watu wa timu yako, maana nimewasikia wengi wakisema kwamba anayeuza chakula cha mgao amezidiwa nacho. Si kweli. Mama huuza sehemu ya nafaka ili alipe mashine ya kusaga nafaka iliyobaki, au anunue kuni, sabuni na dawa. Mauzo hayo ni dalili ya upungufu, na yaandikwe hivyo.

Atakapokujibu, ujue anahofu. Anafikiri jibu lake litaongeza au litapunguza mgao wake. Mwambie ukweli kabla ya swali la kwanza: majibu yake hayatabadilisha kadi yake, na ana haki ya kukataa. Usiahidi kitu. Andika pia ni siku ya ngapi tangu ugawaji wa mwisho, kwa kuwa swali la chakula la siku saba zilizopita hujibiwa tofauti kabisa wiki ya kwanza na wiki ya nne.

Tena usidhani kalori zikitosha mambo yametimia. Mwaka 1990, miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, zaidi ya watu 17,000 walipata pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini iitwayo niasini. Mgao wao ulitegemea mahindi, na karanga zilizokuwa chanzo chao kikuu cha niasini zilikatika. Ngozi zao zilibabuka, na hakuna mizani ambayo ingelionyesha hilo mapema. Ndiyo sababu napenda sana kile kipimo cha tone la damu kidoleni. Kwa viwango vya WHO vya mwaka 2024, mtoto wa miezi 24 hadi 59 mwenye hemoglobini, yaani chembe za wekundu wa damu, chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu, na kwa wa miezi 6 hadi 23 mpaka ni 10.5; kwa mwanamke asiye mjamzito mpaka ni 12. Kambi inaweza kuwa na watoto wachache waliokonda, na bado asilimia 40 au zaidi wakawa na upungufu wa damu, kiwango kinachohesabiwa kuwa tatizo kubwa la afya ya jamii.

Chanjo ya surua, vitamini A ya miezi sita iliyopita, kuhara katika wiki mbili zilizopita, vyandarua: fuata dodoso. Kwenye maji, usiulize lita. Omba uonyeshwe madumu, hesabu safari za jana, kisha gawanya kwa watu uone kama wanafikia lita 20 kila mmoja.

Maswali ya vifo mpe mhoji mtu mzima, mtulivu. Mtoto aliyeishi siku mbili mara nyingi hatajwi asipoulizwa kwa upole, na vifo hivyo vinaweza kuamua kama kambi imevuka kizingiti cha dharura, ambacho kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni vifo 2 kwa 10,000 kwa siku.

Jambo moja sitakubali ulisahau. Mkipima mkono wa mtoto ukasoma milimita 112, yaani utapiamlo mkali, mama aambiwe hapo hapo kwa lugha yake, apewe karatasi ya rufaa, na ninyi mhakikishe jioni kwamba kituo kimempokea. Hakuna haki yoyote katika kuandika namba hiyo na kuondoka.

Mkishatafsiri dodoso nitumie kabla ya mafunzo kuanza, nisome hasa yale maswali ya vifo na ya mgao. Na uniambie mmepewa siku ngapi za mafunzo. Zikiwa pungufu ya nne, dai ziongezwe sasa.

Wako akupendaye.