Barua kwa mwanangu: mtungi wa gesi na mashine ya MIG

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ununue gesi gani kwa mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya unaojitoa wenyewe huku gesi ikikinga mshono. Kwa mageti na madirisha ya chuma cha kawaida, chukua mchanganyiko wa gesi ya agoni asilimia 80 na CO2 (hewa ya ukaa) asilimia 20. Ukikosekana, CO2 tupu inatosha kabisa. Ni nafuu na hupenya sana, ila hurusha cheche nyingi zinazoganda juu ya kazi, na volti utazipandisha kwa moja au mbili. Usivutwe na agoni tupu kwa kuwa ni ghali. Kwenye chuma moto wake hutangatanga, mshono hukaa juu juu na kingo huliwa. Hiyo iachie alumini.

CO2 imo mtungini kama kimiminika, kwa hiyo usitegemee geji ya presha ikuonyeshe kiasi kilichobaki. Pima mtungi kwenye mzani, kisha toa uzito mtupu uliogongwa shingoni. Na kabla ya yote, ufunge ukutani kwa mnyororo.

Kwa waya wa 0.8 mm, weka rola (gurudumu linalosukuma waya) yenye mfereji wa V wa 0.8 na tipu, ile ncha waya unapotokea, ya 0.8. Bunduki, yaani mkono unaoshika kuchomelea, ikae kwenye chanya, na kibano cha ati ("earth"), kile kinachobanwa kwenye kazi, kwenye hasi. Waya wenye unga ndani, ule usiotaka gesi, hugeuziwa: bunduki hasi. Wengi hulaumu mashine, kumbe nyaya ndizo zimepishana. Rola zikaze kidogo kidogo, mpaka waya ukigota kwenye ubao ujikunje badala ya kuteleza. Ukizibana mno, siku waya ukinasa kwenye tipu utajisokota wote ndani ya mashine.

Gesi fungua lita 12 kwa dakika. Ukizidisha sana, hutoka kwa vurugu na kuvuta hewa, mshono ukajaa matundu kama sifongo. Feni na upepo wa mlangoni huleta matundu hayohayo, pia rangi na kutu. Bati la zinki ling'arishe kwa grinda kwanza, tena nje. Moshi wake huleta homa.

Skwea paipu yenye unene wa 1.5 mm ianze kwa volti 16 au 17, waya utoke mita 4 kwa dakika, ncha ya waya itokeze mm 10. Ikilia kama vitunguu vinavyokaangwa, umepata. Ikipasuka-pasuka na waya kusukuma mkono, punguza mwendo wa waya.

Choma vipande viwili vya majaribio, kisha nitumie picha za pande zote mbili. Upande wa nyuma ndio ninaotaka kuuona.

Akupendaye,
Baba